Mkia Ulibaki Kapalamsenga

Nyie wenzangu wa sokoni mmeniuliza mpaka mmechoka, na mimi nimewajibu "nitawaambia" mpaka nimeona aibu. Nikipita tu na kikapu, Mama Neema wa nyanya anapaza sauti: "Bibi Anasta, mkia umekuja?" Nacheka, napita. Leo nimekaa nyumbani nimefunga mdomo, sababu yake mtaiona huko mbele, kwa hiyo nimeshika kalamu. Shule yangu mnaijua, niliishia darasa la tatu. Someni polepole kama mnavyochagua mawe kwenye mchele.

Kwa ambaye amehamia Mpanda juzi, nieleze kidogo. Mimi kazi yangu ni hadithi. Naitwa kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye mahafali ya watoto, na kule redioni asubuhi. Imenisomeshea watoto na imenipa hizi bati mnazoziona. Aliyenifundisha ni Mama Mwamvua wa Kapalamsenga, huko ziwani. Nilimfuata nikiwa msichana, nikawa mwitikiaji wake: yeye anasimulia, mimi naitikia "ehe" kila anapovuta pumzi, tunapita kambi za wavuvi zote. Na mwalimu wa kazi hii hakupi hadithi nzima. Ile iliyo kubwa kuliko zote anakupa kichwa na kiwiliwili, mkia anabaki nao. Ndiyo ulinzi wake. Akikupa yote, kesho utamchukulia nyumba zake zote na yeye atalala njaa. Mkia anakupa siku anapoona kazi yake imekwisha.

Hadithi yenyewe mnaijua, ya mwanamke wa mtungi. Nchi imekauka, mwanamke anakwenda mbali kuomba maji. Mwenye maji anamwambia, chota, ila njiani usiutue huu mtungi, na ukifika usijitue mwenyewe, akutue mtu wa nyumbani kwako. Anapita milima, anapita pori la simba, shingo inaingia mabegani. Anafika mlangoni pake, anaita, "Nani atanitua?" Nyumba kimya. Mimi hapo naishia. Watu wanapiga kelele, nani alimtua, nani alimtua, nami nasema mkia uko Kapalamsenga kwa mwenyewe. Miaka yote hiyo nimesema hivyo na watu wakacheka. Mlevi mmoja wa Makanyagio aliniambia mwanamke alitegemea ukuta akalala wima kama punda. Mtoto wa shule akasema aliinama, maji yakamwagika, nchi nzima ikapona. Mkia wa mtoto ulikuwa mzuri, lakini haukuwa wenyewe.

Sasa mkwe wake Mama Mwamvua, tunamwita Mama Shabani, akanipigia simu. "Mama anaumwa. Anasema uje uchukue mkia wako. Na upite Mwese umchukue Hadija, simu yake haipatikani." Hadija ni binti yake, aliyebaki peke yake, kaolewa huko milimani. Nikafunga kitenge siku hiyo hiyo.

KASHAULILI MPAKA KWENYE KORONGO

Nilipata fuso pale Kashaulili iliyokuwa inapeleka chumvi na sabuni Mwese, irudi na maharage. Dereva anaitwa Masanja, Msukuma mnene, mcheshi, anaongea na gari lake kama mtu anaongea na ng'ombe. Alinitazama akasema, "Bibi, barabara ya huko inatoa meno."

Nikamwambia, "Nimebakiwa na machache, itachukua nini?"

Akacheka, akaniweka mbele. Nilikuwa nimekaanga karanga na mihogo, na chupa ya chai ya tangawizi. Mpaka tunatoka nje ya mji Masanja ameshakula nusu ya mihogo na ameniambia habari za wake zake wote wawili, kila mmoja na kesi yake. Nilifurahi jamani. Nikawaza, mtu akikaa nyumbani anazeeka bure, dunia yote iko barabarani.

Mvua ikatukuta kwenye kupanda. Tukafika kwenye korongo moja, nalo limejaa, maji mekundu yanakuja na miti. Masanja akazima gari. "Tunangoja lishuke," akasema. Tukangoja. Upande wa pili nikaona wanaume wanne wamebeba mgonjwa kwenye kitanda cha kamba, wamemfunika turubai, na nyuma yao mama mmoja ameshika viatu vya mtu mkononi. Walikuwa wanamshusha hospitali. Nao wakaweka kitanda chini wakangoja kama sisi. Tukawa tunatazamana, sisi huku, wao kule, maji katikati yanapiga kelele huwezi kusikia mtu. Masanja alipunga mkono. Yule mama naye akapunga, na viatu vyake.

Nilimpa Masanja chai. Tulikula karanga. Masanja akasema maji yameanza kushuka, ona lile jiwe limeanza kuonekana. Kweli lilikuwa limeonekana. Nikaangalia ng'ambo nikaona wale wanaume wamenyanyua kitanda, lakini hawakuja majini. Wamegeuka. Wanapanda kurudi kule walikotoka, polepole, bila haraka yoyote. Watu wenye mgonjwa hawatembei hivyo.

Masanja akawasha gari. Mihogo iliyobaki hatukuigusa mpaka Mwese.

MWESE KWA HADIJA

Fuso iliishia sokoni, nikachukua pikipiki, na pikipiki nayo ikafika mahali ikasema basi. Nikapanda kwa miguu. Nyie mnaonijua mnajua mimi na vilima hatupendani. Kila ninayekutana naye ananiambia "hapo tu, karibu," na "hapo tu" ya watu wa milimani ni safari nzima.

Kwa Hadija nikapiga hodi. Nyumba kimya. Nikapiga tena, sauti ikatoka ndani, "Ingia, mimi sitoki." Nikaingia nikamkuta ameketi mkekani, nguo nyeupe, hana hereni, hana wanja, hana kitu. Mimi Mkatoliki lakini nimekaa na Waislamu miaka mingi, hiyo sare naijua. Nikakaa chini hapo hapo.

"Dada Anasta," akasema, "naona hukupata habari."

Mume wake alikuwa amefariki. Aliangukiwa na gogo akipasua mbao, hata siku mbili hakuzimaliza. Hadija alikuwa bado yuko eda, miezi minne na siku kumi haruhusiwi kusafiri wala kulala nje ya nyumba ya marehemu. Simu ilikuwa ya marehemu, betri nayo imekufa naye, akasema hivyo na kucheka kidogo, kicheko kibaya kabisa.

Nikamweleza kilichonileta. Akaniuliza, "Mama amefikia wapi?"

"Mama Shabani anasema asubuhi anaongea vizuri. Jioni homa inapanda, ulimi unakuwa mzito."

Akaangalia mlango. Pale mlangoni jua lilikuwa linaingia mpaka nusu ya mkeka, yeye amekaa nusu ya kivuli. "Na mimi nimefungwa hapa," akasema.

Nilikaa naye. Mtoto wake mkubwa alinipikia maharage mabichi na ndizi, chakula cha milimani kina utamu wake, nikala mpaka nikaona haya. Kesho yake mchana wakaja majirani kukaa naye, wanawake watano sita, na Hadija akaniambia, "Dada, nisimulie ile ya mama. Ya mtungi."

"Sasa hivi? Mchana?"

"Usiku nalia mwenyewe. Mchana ndiyo nina watu."

Hapa lazima niwaeleze jambo. Sisi hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia jua likiwa juu, mtu wako aliye njiani hafiki. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo Mama Mwamvua alivyonifundisha. Lakini mimi nilishaiacha zamani. Redio wanarekodi asubuhi, walimu wanataka saa ya mapumziko, watu wa mradi wa vyandarua wanataka wamalize kabla ya chakula. Ningesema hapana kwa wote hao ningekula nini? Kwa hiyo nikamsimulia Hadija, mchana kweupe, na wale wanawake wakaitikia vizuri kuliko watu wa harusini. Nilipofika mlangoni, "Nani atanitua?", Hadija alifunika uso na mtandio. Nikanyamaza. Hakuna aliyeuliza nani alimtua.

Siku ya kuondoka akanishika mkono. "Usimwambie mama kwamba baba watoto amekufa. Alimpenda yule. Alimwita mwanangu. Usimpe hilo abebe na yeye anaondoka."

"Nimwambie nini, Hadija? Ataniuliza uko wapi."

"Mwambie niko njiani. Nyuma yako. Si nitatoka siku moja? Basi niko njiani."

Akanifanya niahidi, nikaahidi. Juu ya kijiji kuna jiwe kubwa, ukipanda pale simu inashika, wenyewe wanaliita ofisi. Nikapanda ofisini na magoti yangu haya, nikampigia Mama Shabani. "Mwambie Mama Mwamvua tunakuja. Mimi niko njiani, na Hadija yuko njiani."

Nilimsikia anapaza sauti kumwambia. Halafu nikasikia kwa mbali sauti ya Mama Mwamvua mwenyewe, nyembamba: "Alhamdulillahi."

KIJIJI NISICHOKITAJA

Kushuka kwenda ziwani kulikuwa na kungoja kwingi. Gari la dagaa halikuja, lililokuja liliharibika, na dereva akatushusha kwenye kijiji ambacho sikukijua. Kijiji hicho sitakitaja, mtaelewa. Jua lilikuwa linashuka. Nikaenda nyumba ya kwanza, nikasema hodi, mama mmoja akatoka, akaniangalia usoni, akafunga mlango. Nyumba ya pili watoto wakakimbia. Nikajua kuna jambo, nikajiuliza labda nimepakaa masizi.

Akaja mwenyekiti wa kitongoji na vijana wawili. Hakunisalimia hata shikamoo. "Bibi, umetoka wapi? Unakwenda kwa nani? Hilo furushi lina nini?"

Nikamfungulia. Vitenge, sabuni, karanga zilizobaki, na kile kigoda changu kidogo ninachokalia nikisimulia. Kigoda ndicho kilichowatisha. "Cha nini hiki?"

"Cha kukalia. Nina makalio kama wewe."

Kijana mmoja akacheka, mwenyekiti hakucheka. Nikaona kumbe sitakiwi kufanya mzaha. Mzee mwanamke, peke yake, jioni, na kigoda: nikaelewa wananiona nani.

Ndipo akapita bibi mmoja na kuni kichwani, mfupi, macho mekundu kama pilipili kwa moshi wa miaka. Akasimama akasema kwa Kiswahili cha Kisukuma, "Mwenyekiti, huyo ni mgeni wangu. Nilikuwa namngoja." Uongo mtupu. Akanigeukia, "Njoo nyumbani. Wakisema sisi wachawi, angalau tuwe ushirika."

Anaitwa Bibi Nyanzala. Alinipa ugali na uyoga mkavu, tukaongea kama tumezaliwa pamoja, habari za magoti, habari za wakwe, alinichekesha mpaka nikashika mbavu. Asubuhi nikatoka nje nikaona mbele ya nyumba yake kuna kiwanja, kuta zimeanguka, majani ya maboga yameota juu yake, hakuna anayeyachuma.

"Hapo alikaa nani?"

"Mwenzangu. Macho yake yalikuwa kama yangu."

"Alihamia wapi?"

Akaendelea kufagia. "Hakuhamia," akasema.

Nikamwambia twende wote, njoo Mpanda, nina chumba. Akasema ana kuku. Nikamwambia tubebe kuku. Akasema, "Kwaheri mwenzangu, gari lako hilo linakuja." Nikapanda. Alisimama na ufagio mpaka tukapotea.

KAPALAMSENGA

Niliingia asubuhi. Harufu ya migebuka, wale samaki wa ziwani, wakianikwa ikanipokea kabla ya watu, nikajikuta natabasamu kama msichana. Mama Shabani akanikimbilia. "Shikamoo mama. Umewahi. Ila asubuhi yupo, jioni hayupo. Umeelewa?"

Mama Mwamvua walikuwa wamemtoa nje, kwenye mkeka, anaota jua. Alikuwa amebaki kidogo sana. Mikono imekuwa kama vijiti vya kuanikia samaki. Lakini sauti, jamani, sauti ilikuwa ile ile.

"Anasta."

"Abee mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa kama watu wa bara. Mpeni samaki huyu, shavu limeingia ndani." Halafu akaangalia nyuma yangu, njiani. "Na Hadija?"

"Yuko njiani mama."

"Amekwama wapi?"

"Barabara ya milimani. Mvua."

"Mvua ya huko naijua," akasema, akalala chali akatulia.

Nilikula mgebuka mzima na ugali wa muhogo, yeye ananitazama ninavyokula na kufurahi. Aliniuliza habari zenu hapa sokoni. Aliniuliza kama yule mlevi wa Makanyagio yupo hai. Tulicheka. Nikaona sasa ndiyo nafasi, nikasogeza kigoda.

"Mama, nimekuja kuchukua mkia."

"Jua unaliona liko wapi?"

"Naliona."

"Na Hadija yuko wapi?"

"Njiani."

"Umejijibu mwenyewe."

"Mama, mimi nasimulia redioni asubuhi, mwaka wa ngapi huu. Sijawahi kupoteza mtu."

"Nilikusikia kwenye redio ya Shabani," akasema. "Nikasema huyu leo kawapoteza wangapi. Utajuaje, Anasta? Aliyepotea anarudi kukuambia?"

Nilijua kwa nini anasema hivyo. Zamani, kabla sijaanza kumfuata, alikuwa kijana, aliwasimulia wanawake waliokuwa wanatumbua samaki pwani, mchana, kupoteza muda tu, huku mume wake yuko ziwani. Mtumbwi ulirudi wenyewe. Baba yake Hadija hakurudi. Toka siku hiyo hakufungua mdomo kusimulia jua likiwa juu, hata wangempa nini. Mimi niliyajua yote hayo tangu niko mwitikiaji. Sasa utamwambia nini mtu wa namna hiyo kuhusu redio?

Nikangoja jioni. Alasiri homa ikapanda kama Mama Shabani alivyosema. Nikalaza sikio mdomoni kwake. Zilikuwa zinatoka pumzi, na majina ya pepo za ziwani, na jina la mtu nisiyemjua. "Mama, mwanamke amefika mlangoni," nikamwambia. "Anaita. Nani anamtua?" Midomo ikatikisika. Hakukutoka kitu.

Asubuhi ya pili akaamka mzima, sauti safi, akaomba uji. Na mimi nikaona njia ilivyo rahisi. Neno moja tu. Nimwambie, mama, Hadija hayuko njiani, yuko nyumbani kwake, hakuna mtu wa kupotea, sema. Mkia ungekuwa wangu kabla uji haujapoa. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini lingetoka na ndugu yake. Angeuliza, kwa nini hakuja? Nami ningejibu nini? Ningemwambia mkweo uliyemwita mwanao yuko chini ya udongo, na binti yako amevaa nyeupe peke yake mlimani?

"Mama," nikasema, "Hadija..."

Akageuza kichwa haraka. Macho yake yakanishika. "Amefanya nini?"

Mama Shabani alikuwa anaosha vyombo, akaacha. Kuku wakawa wanadonoa mkekani.

"Anatembea polepole," nikasema. "Miguu inamuuma."

Akaendelea kunitazama. Yule mama alinifundisha mimi kusema, kunyamaza, kuvuta pumzi; hakuna kona ya sauti yangu asiyoijua. Kama alijua, hakusema. Akanipa bakuli lake la uji nimalizie.

"Akifika," akasema, "mtueni. Msimwache asimame na mzigo mlangoni kuuliza habari zangu. Mtueni kwanza."

"Sawa mama."

"Halafu mpeni maji."

Siku hiyo homa haikungoja alasiri. Alikufa jua liko juu, mchana kabisa, mdomo umefungwa. Wakamzika kabla ya magharibi, mimi nikasimama na wanawake, nikatupiwa kanga ya mtu nijifunike. Wazee wa wavuvi wakaja kunipa pole mmoja mmoja kama mtoto wa marehemu. Mmoja akaniuliza polepole, "Amekuachia?"

"Hapana mzee."

Akatikisa kichwa, akaangalia chini. "Basi yule mwanamke bado amesimama," akasema.

Baada ya siku tatu za matanga nikamwambia Mama Shabani kweli yote ya Hadija. Alikaa chini. Alilia, kisha akakasirika. "Ungemwambia, angekupa. Ulikuja mbali hivyo."

"Ningemwambia, angeondoka na maiti mbili kichwani, ya mumewe na ya mkwe wake."

Alinifungia samaki wakavu wa kurudi nao.

KURUDI

Kurudi nako kulikuwa na mambo yake lakini mmechoka. Niseme moja. Nilimbebea Bibi Nyanzala samaki. Gari lilisimama pale kijijini, nikashuka, nikakimbia kwa magoti haya. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Kuku hawapo. Nikamuuliza yule mwenyekiti, akasema amehamia kwa mwanae Sumbawanga. Nikamuuliza, mbona hakuniambia ana mwanae? Akasema, "Bibi, panda gari." Nimeamua kuamini kwamba yuko Sumbawanga. Samaki wake niliwaacha juu ya kizingiti.

Nikafika nyumbani nikaugua, mlikuja kuniangalia, mkaniletea machungwa, na mlikuwa na adabu hamkuuliza. Baadaye mkaanza kuuliza. Si kwamba nilikuwa nawaringia. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Juzi simu ikalia, namba siijui. Upepo mwingi. Nikajua mtu yuko ofisini, juu ya lile jiwe.

"Dada Anasta, eda imeisha. Kesho natoka. Nakwenda kwa mama."

Mama Shabani alishampelekea habari ya msiba kupitia mtu anayenunua mbao huko, kwa hiyo anajua anakwenda kwenye kaburi. Nikamuuliza unakwenda na nani, akasema mwenyewe, ana furushi na mbuzi mmoja wa kusomea dua. Nikamwambia njia ni ile ile, na korongo ni lile lile, usivuke likijaa hata wakikwambia unaweza. Akasema sawa dada.

Kwa hiyo jana mtu wa redio alipokuja na kile kinasa chake nikamwambia arudi jioni. Akasema jioni studio imefungwa. Nikamwambia basi hakuna hadithi. Akadhani nataka aniongezee. Leo asubuhi mwalimu naye kanitumia watoto, wamepanga mstari hapo nje wamekaa vizuri, nimewapa karanga nikawarudisha. Mama Neema umeniona natikisa kichwa, ukaniuliza kwa mbali kama nina jino linauma. Jino haliumi.

Nimempigia Mama Shabani asubuhi, nimemwambia aweke mtungi wa maji karibu na mlango, na asitoke nyumbani. Hadija akifika asimsalimie kwanza, amtue. Kisha anipigie simu. Mpaka hapo nyie njooni mkae, tuongee bei ya mchele, tuongee wakwe, chochote mnachotaka. Hadithi msiniombe. Jua bado liko juu, na Hadija yuko njiani. Safari hii ni kweli.